Majani Niliyokuchemshia

Baba,

Tangu nizaliwe hujawahi kuniita Wanjiru. Huniita Maitu, mama yangu, kwa sababu mimi ndiye binti yako wa kwanza na nilipewa jina la mama yako, kama desturi yetu ilivyo. Nilipokuwa mdogo nilidhani wasichana wote huitwa mama na baba zao. Majirani zetu hapa Maringo ambao si Wakikuyu walikuwa wakicheka kila uliporudi kutoka kazini ukaita mlangoni, "Maitu, mwanao amerudi, na ana njaa!" Nami nikakimbia kukuletea maji ya kunawa.

Cheo hicho sijawahi kukitumia. Ulinisimulia kwamba nyanya alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akimtazama mtu, mtu huyo huacha alichokuwa akifanya. Mimi nimerithi maneno machache tu. Leo naomba nikitumie cheo hicho mara moja. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Murang'a kukaa kwa Baba Mkubwa, na nataka kukuandikia kama mama anavyomwandikia mwanawe anayetoka nyumbani. Kwa mdomo siwezi. Unanijua.

Mambo ya kila siku nayaruka. Mama amekwisha kukuambia kuhusu kuosha mguu kwa maji ya vuguvugu na kukausha katikati ya vidole vitatu vilivyobaki, na kuhusu uji usiotiwa sukari, na kutotembea peku hata kwenda chooni. Ameyarudia mpaka ukamwambia, "Mama Wanjiru, naenda kwa ndugu yangu, siendi vitani."

Sasa ni alasiri. Umeenda soko la Kariokor na mkongojo wako kuwaaga mafundi viatu wenzako. Mama yuko kanisani na akina mama wenzake. Mkoba wako uko juu ya kiti, umefungwa nusu, na mkono wa sweta ya kijani unaning'inia nje. Nimechoka, Baba. Sijafanya kazi ya kuchosha leo, lakini nimechoka tangu asubuhi, na nadhani sitapumzika mpaka nimalize kuandika.

Jana tukila ulisema maneno ambayo yamenifanya nitafute kalamu. Ulisema, "Nikifika nyumbani nitarudia majani ya Maitu. Hospitali imenila vidole viwili. Majani hayajawahi kunikata kitu." Mama alinitazama ili niseme neno. Nikakusanya sahani.

Wacha nianze mwanzo, maana huenda wewe unaukumbuka tofauti na mimi.

Ilikuwa mwaka jana, mwezi wa pili. Sista wa kliniki alikuwa amekwambia kwamba sukari yako iko juu, na mafuta kwenye damu pia yako juu, akakupa vidonge na karatasi ya vyakula. Ulirudi umenuna. Mama Ayub, jirani yetu kutoka Bungoma, alikuwa ameketi hapa ndani akichambua mchicha na Mama. Akasema, "Baba Wanjiru, kila mwezi kwenda kupanga laini hospitali ya nini? Kwetu shemeji yangu alikunywa mpera na mwarobaini miezi mitatu tu. Sasa anabeba gunia la mahindi."

Ukamjibu, "Mama Ayub, huyo shemeji yako kila ugonjwa ninaoutaja alishawahi kupona. Hivi ana magonjwa mangapi?"

"Cheka tu. Majani yanakata sukari, yanaosha na mafuta. Mpe huyu msichana kazi hiyo, ndiye ana akili ya kitabu."

Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi. Majani ya mpera niliyachuma kwenye mti ulio nyuma ya shule ya chekechea. Mwarobaini tulinunua mkavu kwa mzee wa Pwani anayeuza dawa za miti karibu na soko. Niliyaosha, nikayaanika kivulini juu ya gunia safi, nikayachemsha mpaka maji yakawa na rangi ya chai nzito, nikachuja kwa kitambaa cheupe. Ulishika pua ukanywa kikombe cha kwanza, ukafumba macho, ukasema, "Maitu, mwanao alikukosea nini?"

Mwezi uliofuata sukari ilikuwa imeshuka. Sista alikwambia, "Mzee, safari hii umenifurahisha." Ukaipeleka habari hiyo Kariokor yote. Nikikuletea chakula cha mchana mafundi walianza kuniita kutoka mbali: "Niaje, daktari! Nina mgongo mbaya, huna jani la mgongo?" Na yule jirani yako mshona mikanda akawa anasimama kabisa nikipita, anavua kofia.

Hujui jambo hilo lilinifanya nini. Shuleni nilikaa miaka minne bila kuinua mkono darasani. Kila muhula mwalimu aliandika kwenye ripoti yangu kwamba nijitahidi kuzungumza. Ghafla nikawa mtu ambaye watu wazima wanamwita kando na kumnong'oneza magonjwa yao. Mama Ayub akaanza kuchukua chupa yake. Akaja mama mmoja wa kanisani, kisha na dada yake. Nilipanga chupa dirishani, na kila asubuhi nilizitazama kabla ya kwenda shule.

Lakini kuna jambo ambalo mimi na wewe tulilijua na hatukulisema. Siku mbili kabla ya kliniki ulikuwa huli. Asubuhi chai ya rangi isiyo na sukari, jioni sukuma wiki kidogo bila ugali. Ulisema, "Naenda kufanya mtihani, lazima nisome." Nami nilicheka. Nilikuwa msichana wa kidato cha nne anayesoma biolojia, nikijua vizuri kwamba mtu asiyekula siku mbili damu yake haiwezi kuonyesha alivyokula siku ishirini na nane. Nilicheka, kisha nikakumiminia kikombe kingine.

Halafu vidonge. Nilivikuta nikikutafutia msumari wa kuning'iniza kalenda, ndani ya mkebe wa misumari, vyote vya miezi miwili. Ulinishika mkono. "Usimwambie mama yako. Dawa mbili zitagombana tumboni. Wacha hii yako ifanye kazi peke yake." Uliposema "hii yako" nilifurahi sana. Nikafunika mkebe.

Mwezi wa tano nilikusindikiza kliniki. Sista alikuuliza kama unameza dawa, ukasema unameza. Akauliza tena kwa upole, "Kuna dawa nyingine nyumbani? Za miti, za unga? Niambieni tu, sitawafukuza." Uliniangalia. Mimi nikaangalia picha ya mtoto anayepewa chanjo, iliyobandikwa ukutani. Kisha Sista akanigeukia mwenyewe.

"Na wewe msichana, unamwona akimeza vidonge?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Sikusema hata neno moja, na kwa muda mrefu nimejitetea hivyo, kwamba sikusema uongo kwa kuwa sikusema kitu. Mwanangu, hayo ndiyo makosa yangu makubwa kuliko yote, na niliyafanya nikiwa nimefunga mdomo. Watu husifu msichana mnyamavu. Husema ana adabu. Mimi najua sasa kwamba unyamavu wangu mwingine ni adabu na mwingine ni kujificha, na ninayeweza kutofautisha ni mimi peke yangu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hulijui.

Mwezi wa sita tulikuwa tukijifunza kupima chakula kwenye maabara. Kuna maji ya buluu ambayo ukiyachanganya na kitu chenye sukari ukapasha moto, rangi hubadilika. Sukari ikiwa kidogo sana huwa kijani. Ikiongezeka huwa manjano, kisha rangi ya chungwa, na ikiwa nyingi kabisa huwa nyekundu kama tofali. Mwalimu alituambia kwamba zamani hospitali zilipima mkojo wa wagonjwa wa sukari kwa maji hayo hayo. Siku hiyo nilibaki kuosha vyombo. Nikatia kidogo kwenye chupa tupu ya dawa ya kikohozi, nikachukua na kichupa kimoja chembamba, nikavitia kwenye soksi ndani ya mkoba. Sikuwahi kuiba kitu maishani.

Unakumbuka kwamba wakati huo ulikuwa ukiamka mara nyingi usiku kukojoa, na kwa vile choo kiko nje ulikuwa unatumia kopo, nami nilikuwa nalimwaga asubuhi. Asubuhi moja Mama alipokwisha kutoka nilichukua matone machache. Nikayatia kwenye kichupa pamoja na yale maji ya buluu, nikakisimamisha kwenye sufuria ya maji yanayochemka juu ya stovu. Ilikuwa stovu ile ile, na sufuria ya majani ilikuwa kando. Nilitaka kuona kijani. Nilikuwa na hakika ya kijani. Nilipanga hata namna nitakavyokuonyesha.

Ikawa nyekundu kama tofali.

Nikasema nimekosea kipimo. Nikarudia kesho yake, na kesho kutwa. Mara zote nyekundu. Asubuhi ya kliniki, baada ya zile siku zako mbili za kutokula, nikapima tena. Ikawa kijani.

Nilikaa chini sakafuni, Baba. Nilielewa kila kitu. Majani hayakuwa yameishusha. Njaa ndiyo iliyoishusha siku mbili kila mwezi, na siku nyingine zote ulikuwa huna dawa yoyote inayokusaidia, kwa sababu ya chupa zangu za dirishani.

Ningekwambia siku hiyo. Ulikuwa unavaa shati lako jeupe, unaimba. Mlangoni alikuwa amesimama yule mama wa kanisani na chupa yake tupu, akisema, "Daktari wetu ameamka?" Nikaenda kumjazia. Jioni nikamwaga yale maji ya buluu kwenye mtaro na kichupa nikakivunja. Sikutaka kujua tena. Ningesema niliona aibu tu, ungeniamini, maana kila mtu anajua naona aibu. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka majani yashinde. Nilitaka kuendelea kuwa mtu.

Mwezi wa nane nilikuwa nimefunga shule, na nilishinda nawe Kariokor nikikukatia mikanda ya akala zako za tairi kuukuu. Nilikuwa nikikutazama ukifanya kazi. Ukishapigilia misumari midogo, unageuza kiatu, unaukunja msumari kwa nyundo, kisha unaingiza mguu wako wa kulia mwenyewe na kukanyaga mara tatu kwa nguvu kabla ya kumpa mteja. Mafundi wengine hupapasa kwa kidole. Wewe ulipenda kuwaambia wateja, "Kidole chaweza kuruka mahali. Mguu wangu hauruki."

Siku moja mama mmoja mnene, uliyemuuzia jana yake, alirudi ameshika akala moja mkononi.

"Fundi, umeniuzia kiatu chenye meno?"

"Mama, hicho nimekikanyaga mwenyewe."

"Basi umekikanyaga ukiwa umelala! Tia mkono hapa."

Ukatia mkono. Ncha ya msumari ilikuwa imesimama kama punje ya mchele. Mafundi wakaangua kicheko, mshona mikanda akapiga kelele, "Mzee ana kwato huyu, tumpeleke kwa mhunzi!" Na wewe ukacheka nao, ukamrekebishia, ukamwongezea na kamba ya bure. Mimi sikucheka. Jana yake, ulipokivua baada ya kukikanyaga, nilikuwa nimeona unyayo wako. Ulikuwa na vitundu vidogo vidogo vyeusi, vingine vya zamani, na wewe hukuwa na habari navyo. Sista alikuwa ametuambia kwamba sukari ikikaa juu huua hisia za miguu. Nilikuwa nimeona nyekundu kwa macho yangu. Nilikuwa na vipande vyote viwili mkononi, na watu kumi wakicheka, nikaendelea kukata mikanda.

Msumari uliokuchoma vibaya ulikuchoma wakati nafanya mtihani wa mwisho. Ulikanyaga mara tatu juu yake kama kawaida yako. Ulikuja nyumbani soksi imegandana na damu, ukidhani umekanyaga maji. Mama aliukanda kwa chumvi. Wiki ya pili chumba kilikuwa kinanuka. Nilikuwa nafanya karatasi ya biolojia siku Mama alipokupeleka hospitali, na kulikuwa na swali la sukari na mkojo. Nililijibu lote. Sijui kama kuna mtu amewahi kuandika majibu sahihi huku akijichukia vile.

Mwezi wa kumi na mbili wakakata vidole viwili. Daktari kijana alisema, "Sukari hii imekaa juu muda mrefu sana. Alikuwa anatumia dawa?" Mama akasema ndiyo, alikuwa anatumia, mtoto wetu alikuwa akisimamia. Na wewe kitandani, ukiwa umeamka nusu, ukanivuta mkono: "Maitu, ungeniletea majani yako kidogo. Ningepona haraka." Nilitoka nje, nikasimama karibu na pipa la takataka mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Kwa hivyo ni hivi, Baba. Hospitali haikula vidole vyako. Vililiwa na miezi minane ya vidonge vilivyokaa kwenye mkebe, na kichwa changu kilichotikisika mbele ya Sista. Nimekwambia.

Sitaki kuyasingizia majani. Labda ndani ya jani la mpera kuna kitu kweli. Mwalimu alituambia kwamba dawa nyingi zilianzia kwenye miti, na kwamba kuna watu wenye maabara kubwa wanaokamua majani na kupima tone kwa tone kabla ya kusema neno. Mimi sikupima kitu. Leo nilitia gao moja, kesho mawili, siku nikiwa na haraka nilichemsha dakika tano, siku nikisahau nilichemsha saa nzima. Hiyo haikuwa dawa. Ilikuwa ni mapenzi yangu ndani ya sufuria, na mapenzi hayajui sukari ni ngapi. Ukitaka kunywa majani huko Murang'a sitakukataza, wala siwezi. Ila yanywe daktari akijua, na vidonge vikiwa tumboni mwako, si kwenye mkebe. Na siku ya kliniki nenda umekula kama unavyokula siku zote. Mwache daktari akuone ulivyo.

Nimejifunza kitu kimoja ambacho natamani ningekijua mapema. Kipimo kibaya si adui. Ile rangi nyekundu ilikuwa inakutetea. Mimi ndiye niliyeivunja.

Juzi nilikwenda kwa Mama Ayub nikamwambia yote. Alisimama na mwiko hewani. "Kumbe! Na mimi niliyekuwa nikiimeza kwa ajili ya presha, nikikunja uso kila asubuhi?" Nilidhani atanifukuza. Kisha akaketi, akasema, "Majani nilileta mimi. Tutalaumiwa wote wawili, usijibebeshe peke yako. Lakini mwambie baba yako kabla hajapanda gari. Akifika huko na imani ya majani kichwani, watamrudisha bila mguu, au hawatamrudisha." Kwa wale mama wawili wa kanisani nilienda jana. Mmoja alinishukuru. Mwingine alisema mimi ni mtoto mjeuri ninayemharibia dawa, akabamiza mlango. Nitarudi kwake wiki ijayo.

Huenda utanikasirikia. Una haki. Mama anasema huko kwa Baba Mkubwa utapumzika, utafuga kuku, utatengenezea watu viatu polepole ukiwa umeketi. Natamani iwe hivyo. Sitakuwapo kukutazama, na Baba Mkubwa ni mtu wa kukubali kila unachomwambia. Hakuna atakayejua kama umemeza ila wewe. Hilo ndilo linalonichosha kuliko yote, mwanangu, kwamba nakupeleka mahali ambapo lazima nikuamini, wakati mimi mwenyewe sikuaminika.

Nilitaka kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa mbali nami. Nilishaikunja mara moja. Lakini hiyo ingekuwa namna nyingine ya kutikisa kichwa. Kwa hivyo kesho asubuhi, kabla Mama hajamaliza kufunga mizigo, nitakupa mkononi, na sitaondoka. Utasoma polepole kama kawaida yako, ukifuata mstari kwa kidole. Ukifika hapa, inua macho. Nitakuwa nimesimama mbele yako, na vidonge vya asubuhi katika mkono mmoja, na glasi ya maji katika mwingine. Usiseme kitu kwanza. Meza, nikiona.